Nyanya za Manjano: Mbegu Moja kwa Bustani za Jinja na Mbale

Mtu akiingia katika soko kuu la Jinja au lile la Mbale, nyanya atakazozikuta zimepangwa mafungu mafungu juu ya meza karibu zote ni nyekundu. Nyingi ni ndefu kidogo, ngumu, na zenye ngozi nene, kwa kuwa zimechaguliwa ili zistahimili safari ya lori na siku kadhaa za kumngoja mnunuzi. Nyanya ya manjano ni nadra kuonekana hapo. Aina zake nyingi zina ngozi laini inayopasuka upesi, na mchuuzi hapendi bidhaa inayomwozea mkononi. Kwa hiyo nyumba inayotaka kuila nyanya hiyo haina budi kuiotesha yenyewe kwa mbegu. Na ikisha kuiotesha, haina budi kuitunza mbegu hiyo, kwani ikipotea hakuna duka la jirani la kununua nyingine.

Kuotesha si jambo gumu. Ugumu umo katika mambo mawili: udongo wenye ugonjwa usioonekana kwa macho, na mbegu inayogeuka rangi ilhali mwenyewe hana habari. Familia za askari wa jeshi na polisi zina jambo la tatu, nalo ni uhamisho. Nyanya huhitaji muda wa miezi minne hivi tangu mbegu kuingia ardhini mpaka tunda kuiva, na barua ya uhamisho haingoji tunda. Mama aliyepanda nyuma ya kota mjini Jinja mwezi wa Machi huenda akajikuta Mbale mwezi wa Juni, na mavuno akamwachia jirani. Asichopaswa kumwachia jirani chote ni mbegu.

Asili ya nyanya ni Amerika ya Kusini, upande wa milima ya Andes, na watu wa Mexico ndio walioilima na kuikuza mpaka ikafanana na hii ijulikanayo leo. Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16. Mwaka 1544 tabibu wa Kiitalia, Pietro Andrea Mattioli, aliandika habari za tunda hilo, na miaka kumi baadaye akalitaja kwa jina la pomi d'oro, maana yake matofaa ya dhahabu. Mpaka leo Waitalia huita nyanya pomodoro, hata ikiwa nyekundu kama damu. Jina hilo ni ushahidi kwamba miongoni mwa nyanya za mwanzo kufika Ulaya zilikuwamo za manjano. Basi anayeiona nyanya hiyo akadhani ni nyanya iliyougua, au ni uzushi wa juzi wa wataalamu, amekosea sana. Golden Queen, kwa mfano, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1882 na Alexander Livingston wa jimbo la Ohio, na mbegu zake zingali zinauzwa. Nyingine ya zamani ni Yellow Pear, tunda dogo lenye umbo la peasi, ambalo watoto hulila bustanini kabla halijafika jikoni.

Wekundu wa nyanya hutokana na rangi iitwayo likopeni. Katika nyanya ya manjano, chembe ya urithi inayoanzisha kazi ya kutengeneza rangi hiyo haifanyi kazi, na hivyo tunda likiiva hubaki na umanjano wake. Hili lina maana kwa afya. Watu wengine husifu nyanya ya manjano wakidhani kwamba rangi yake ni dalili ya vitamini A, kama ilivyo kwa karoti au viazi vitamu vya rangi ya machungwa, ambavyo Mganda mtaalamu wa mbegu, Dakta Robert Mwanga, pamoja na wenzake watatu, walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kuviendeleza na kuvieneza vyakula vya namna hiyo. Nyanya ya manjano haina vitamini A ya kutajika. Ina vitamini C, ina maji, ina utamu. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A apewe viazi hivyo, dodo, na maini. Nyanya iwe ya kuongeza ladha.

Vile vile husemwa kwamba nyanya ya manjano haina ukali wa asidi. Ukweli ni kwamba asidi yake hukaribiana na ya nyekundu. Ulimi ndio unaodanganywa na sukari na harufu yake. Anayetaka kuihifadhi ndani ya chupa na aongeze maji ya limau kama afanyavyo kwa nyekundu.

KITALU CHA MBEGU

Gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu kiasi cha 300. Kwa nyumba ya watu sita miche kumi yatosha, na hata miche sita si haba. Hakuna haja ya shamba. Sanduku la mbao lenye kina cha kiganja, au debe la mafuta lililokatwa ubavuni na kutobolewa chini, ndilo kitalu.

Udongo wa kitalu uchanganywe na mboji iliyooza vizuri na mchanga kidogo, kisha umwagiwe maji yanayochemka na kuachwa upoe usiku mzima. Watu wengi huiruka kazi hii kwa kuiona ya kipuuzi, halafu hushangaa miche inapoanguka shingo kabla ya kutoa jani la tatu. Mbegu zitiwe katika vifuo vyenye kina cha sentimita 1, zifunikwe kwa udongo mwepesi, na juu yake patandikwe majani makavu ya mgomba. Baada ya siku 5 hadi 10 zitachomoza. Siku hiyo hiyo majani yaondolewe, la sivyo miche itarefuka myembamba kama uzi ikitafuta mwanga. Kivuli chepesi cha mchana chatosha.

Miche ikiwa na majani mawili ya kweli itenganishwe, na baada ya wiki nne hadi sita, ikifikia urefu wa sentimita 15, iko tayari kuhamishwa. Wiki moja kabla ya hapo ipunguziwe maji na kuzoeshwa jua. Ihamishwe jioni, izikwe shina mpaka karibu na majani ya chini, kwa sababu shina la nyanya lililofunikwa udongo hutoa mizizi mipya. Kati ya mche na mche pawe na sentimita 60, na kati ya mstari na mstari sentimita 90. Aina ndogo za manjano kama Yellow Pear hutambaa sana na hupita kimo cha mtu. Zinahitaji kijiti imara cha mita 2, zifungwe kwa kamba ya mgomba pasipo kukaza, na machipukizi ya kwapani yakatwe yangali madogo.

Maji yamwagwe chini kwenye shina, si juu ya majani, na yawe ya kipimo kile kile. Mama anayesahau siku nne kisha akamwaga ndoo mbili kwa mara moja ataona matunda yakipasuka, au yakioza kitako na kuwa meusi chini. Huo si uchawi wala wadudu, ni kiu na shibe zisizo na utaratibu. Matandazo ya majani makavu husaidia sana hapa.

Neno moja kwa wavutaji sigara: tumbaku na nyanya ni ndugu wa ukoo mmoja, na virusi vya mabaka vinavyokaa ndani ya tumbaku ya sigara vyaweza kuhamia kwenye nyanya kwa vidole. Askari anayetoka kuvuta, akataka kumsaidia mkewe kufunga miche, na anawe mikono kwa sabuni kwanza.

JINJA: UDONGO ULIOUGUA

Miji yote miwili ipo katika mwinuko wa mita 1,100 hadi 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini hali zake si moja. Jinja ipo ukingoni mwa ziwa Victoria, mahali Nile inapotokea, na ina joto na unyevu wa ziwa. Bustani nyingi za kota na za mitaa ya zamani kama Walukuba zimekwisha kulimwa na watu wengi, kila mmoja akipanda nyanya pale pale mwenzake alipopanda. Katika ardhi ya namna hiyo adui mkubwa ni mnyauko wa bakteria.

Dalili zake humhuzunisha mtu. Mche ulio na afya, wenye maua na matunda machanga, hulegea adhuhuri kama uliokosa maji. Jioni hunyanyuka. Kesho yake hulegea tena, na siku ya tatu au ya nne hufa ungali wa kijani. Mwenyewe huumwagia maji zaidi, na maji hayo hayo huueneza ugonjwa kwa jirani zake. Ipo njia rahisi ya kupata hakika: shina likatwe karibu na ardhi, na kipande chake kisimamishwe ndani ya bilauri ya maji safi bila kutikiswa. Baada ya dakika chache, kama ni mnyauko wa bakteria, uzi mweupe kama maziwa utaonekana ukishuka kutoka kwenye mkato.

Hakuna dawa ya dukani inayoponya mche huo. Ung'olewe na mizizi yake, uchomwe, usitupwe kwenye shimo la mboji. Jembe lililotumika lioshwe. Mahali hapo pasipandwe tena nyanya, wala bilinganya, wala ntula, wala pilipili, wala viazi ulaya kwa miaka kadhaa, maana zote ni za ukoo ule ule. Pawekwe mahindi, vitunguu au sukuma wiki. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa aina iitwayo MT 56, nyekundu, inayoustahimili ugonjwa huo kuliko nyingine, nayo yafaa kwa chungu cha kila siku katika ardhi iliyougua.

Lakini nyanya ya manjano nyingi hazina kinga hiyo, na kwa hiyo njia iliyo salama ni kuzitenga kabisa na ardhi. Jerikeni kuukuu ya lita 20 iliyokatwa mdomo na kutobolewa matundu chini hutosha mche mmoja. Udongo wake uchukuliwe mahali ambapo nyanya na ndugu zake hazijapata kupandwa, kama vile chini ya miti au kwenye nyasi za zamani, uchanganywe na samadi iliyooza, na jerikeni iwekwe juu ya mawe ili mizizi isishuke ikanywa maradhi ya chini. Wapo wataodhihaki bustani ya majerikeni. Hata hivyo jerikeni ina sifa ambayo ardhi haina: siku ya uhamisho yaweza kupandishwa ndani ya gari pamoja na vitanda.

MBALE: MVUA YA MLIMA

Kutoka Jinja kwenda Mbale kwa barabara ya Iganga na Tirinyi ni takriban kilomita 150. Familia iliyozoea misimu miwili ya mvua ya Jinja, Machi hadi Mei na tena miezi ya mwisho wa mwaka, itakuta huko mvua inayoanza Machi au Aprili na kuendelea, kwa kupungua kidogo katikati, mpaka Oktoba au Novemba. Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, ndio unaozikamata mawingu hizo. Mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu zaidi ya 20. Basi bustani iliyo bondeni kando ya mito hiyo isihesabiwe kuwa mali ya uhakika, na maji ya mafuriko hubeba mnyauko kutoka shamba hadi shamba.

Adui wa Mbale ni bakajani chelewa. Huu ndio ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kuu. Hupenda baridi na majani yaliyolowa, na kwa kuwa kwenye miteremko ya Elgon hulimwa viazi ulaya, mbegu zake za ukungu hazikosi mahali pa kujificha. Madoa meusi yaliyolowana hutokea juu ya majani na mashina. Asubuhi chini ya jani huonekana utando mweupe. Katika wiki moja ya mvua bustani nzima yaweza kuwa kama iliyopitiwa na moto.

Kinga ya kwanza ni kuhesabu miezi. Mbegu ikiatikwa mwishoni mwa Agosti, miche hukua kwa mvua za mwisho na matunda huivia katika ukavu wa Desemba na Januari, kwa kumwagiliwa kwa mkono. Kinga ya pili ni paa: majerikeni yakipangwa chini ya upenu wa nyumba upande wa jua la asubuhi, mvua haigusi majani. Majani ya chini yapunguzwe, na miche isisongamane. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Buginyanya, kilichopo kwenye miteremko ya mlima huo, ni mahali pa kuulizia habari za magonjwa ya eneo hilo.

Wauzaji wengi wa nyanya hutegemea dawa ya mankozebu, na ule unga mweupe unaoonekana juu ya nyanya za sokoni aghalabu ni masalio yake. Hapo ndipo bustani ya nyumbani inapomzidi mchuuzi, kwa kuwa mama anajua ni nini kilichonyunyizwa na lini. Akilazimika kunyunyiza, na asome pakiti, afunike pua na mdomo, na ahesabu siku za kungoja zilizoandikwa pale kabla ya kuchuma hata tunda moja. Kuzifuta nyanya za sokoni kwa pindo la kitenge, kama wengi wafanyavyo, hakutoshi. Zioshwe kwa maji ya kutosha.

JIKONI

Nyanya ya manjano hutambulikana imeiva si kwa kuacha ukijani tu, bali kwa kutoka manjano hafifu hadi manjano ya yai la kuku wa kienyeji, na kwa kubonyea kidogo. Ikichumwa mapema haina ladha, na ndio maana wengine huilaumu bure. Ikikatwa pamoja na nyekundu hupendezesha kachumbari, na ndani ya rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai ambayo Wasoga hujivunia kuwa ni yao, hutoa maji matamu. Kwa samaki ngege wa ziwani ni nzuri mno. Mchuzi wake, lakini, hauwi mwekundu; mgeni atadhani umejaa bizari, au kwamba nyanya zilikosekana. Katika malewa ya Wagisu yenye karanga rangi yake hupotea kabisa, na hakuna sababu ya kuipoteza humo.

MBEGU ISIPOTEE

Mbegu ya kwanza yaweza kupatikana katika maduka ya mbegu ya Kampala, au kwa kuulizia katika maonyesho ya kilimo yanayofanyika Jinja. Isomwe pakiti. Ikiandikwa F1, hiyo ni chotara; itazaa vizuri mara moja, lakini watoto wake hawatafanana na mama. Sungold, nyanya ndogo ya rangi ya dhahabu inayosifiwa sana kwa utamu, ni ya namna hiyo. Kwa mbegu ya kutunza zifaa zile za zamani zisizo chotara. Na askari anayerudi kutoka ng'ambo, kama wale wa Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kutumwa Machi 2007, asitie mbegu mfukoni bila kibali cha wakaguzi wa mimea. Mwaka 2015 nyanya za Jordan zilikutwa na virusi vipya, na baadaye ikajulikana kwamba husafiri pamoja na mbegu. Tangu hapo vimekwisha kuenea katika nchi nyingi.

Kwa mbegu za kuhifadhi huchaguliwa mche bora, si tunda kubwa tu. Tunda liachwe liive mpaka liwe laini, likamuliwe ndani ya bilauri, na maji yake yaachwe yachachuke siku mbili, tatu kukiwa na baridi. Utando ukitanda juu, mbegu nzuri zitakuwa zimezama. Zioshwe, zitandazwe juu ya sahani kivulini kwa wiki moja, zisianikwe juu ya karatasi kwa kuwa zitagandia. Kisha zitiwe katika bahasha iliyoandikwa jina la aina, mji na tarehe, na bahasha iwekwe ndani ya mkebe wenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Zikitunzwa hivyo zitaota hata baada ya miaka minne.

Lipo jambo ambalo limewakatisha tamaa wengi. Maua ya nyanya kwa kawaida hujichavusha yenyewe, lakini nyuki mara nyingine huleta chavua ya nyanya nyekundu ya jirani. Tunda litakalotoka hapo litakuwa la manjano kama kawaida, na mama hataona tofauti yoyote. Ila mbegu zilizomo ndani yake zimekwisha kuchanganyika, na kwa kuwa wekundu huutawala umanjano, miche itakayoota msimu ujao itazaa nyekundu tupu. Ili kuzuia hayo, kichala kimoja kifungwe kwa kitambaa chepesi cha shela kabla maua hayajafunguka, kitikiswe kidogo kila adhuhuri, na matunda yakishika kitambaa kiondolewe na kichala kitiwe uzi wa alama.

Na ikiwa familia imefika Mbale, imepanda bahasha iliyotoka nayo Jinja, na mche uliotegemewa ukatoa matunda mekundu, miche hiyo isitupwe kwa hasira. Umanjano haujafa; umefunikwa. Zichukuliwe mbegu za tunda hilo jekundu na kupandwa tena. Kwa wastani mche mmoja katika kila minne utazaa manjano, kwa hiyo mwenye kupanda 12 atazamie mitatu hivi. Wenye manjano, mradi wafungiwe shela, hawatarudia wekundu. Katika hiyo mitatu achague ule ulioyashinda madoa ya mvua ya mlima, akamue mbegu zake, na juu ya bahasha mpya aandike Mbale.